Mwaka Tuliolishwa kwa Mbali

Ni sauti ya kijiko kwenye debe. Ta, ta, ta, kisha kimya kidogo, kisha miguu ya mtu anayekimbia. Hata sasa, jirani akipiga bati kufukuza ndege kwenye shamba la wimbi, kwanza mate hunijaa mdomoni, halafu ndipo moyo huuma. Maana sauti ile ilikuwa chakula. Ilikuwa inatuambia: chakula kimefika, lakini msitoke mpaka sisi tuwe mbali.

Nilikuwa mgonjwa wa ndui. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, kwa hiyo usitegemee nikueleze ndui inatoka wapi na inaingiaje mwilini. Hayo waulize wenye koti jeupe. Mimi naandika kwa sababu mwezi uliopita mama mmoja alinisimamisha sokoni Busia, akaniangalia uso wote polepole, akasema binti yake amepelekwa kwenye banda la wenye ndui. Akaniuliza, "Huko ndani mtu anakuwaje?" Nilimjibu haraka haraka, nilikuwa na kikapu kichwani. Hili hapa ndilo jibu lake lenyewe, na la wewe mwingine yeyote ambaye mtu wako ametengwa.

Kwetu ni Busia, upande wa Uganda. Baba yangu, Owor, ni Mjapadhola kutoka kijiji cha Kiyeyi, fundi wa baiskeli kando ya soko. Mama yangu, Nekesa, ni Msamia wa ng'ambo, upande wa Kenya. Kila mmoja alikuja kwenye ndoa na lugha yake, wakakutana katikati kwa Kiswahili cha sokoni, nami Nafula, mtoto wao wa pekee, nikakulia humo humo katikati. Ng'ambo alibaki mama yake Mama. Tulimwita Kukhu, ndivyo Wasamia wanavyomwita bibi. Macho ya Kukhu yalizimika kabla sijazaliwa. Mwanawe wa kiume alikuwa mashamba ya miwa, mbali, akirudi Krismasi kwa Krismasi. Basi kila siku mimi nilivuka, nikamchotea maji, nikampikia, nikakaa naye akinisema kwamba nasonga ugali kama mtu anayeogopa kuuamsha.

Nilikuwa na ndoto zangu wakati huo, na sikuzificha. Nilitaka kufungua hoteli ya chai pale pale mpakani, yenye madirisha mawili ya buluu, moja likitazama Kenya na lingine Uganda, ili mteja achague anywe chai akitazama nchi gani. Kukhu alisema yeye atakaa katikati, kwa kuwa kwake zote ni sawa.

Homa ilinishika nikiwa kwake, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Mgongo uliuma kama nimebeba gunia la pamba kutoka Lumino. Siku wachanjaji walipopita mtaani kwetu mimi nilikuwa ng'ambo, kwa hiyo mkono wangu ulikuwa laini, hauna alama. Baba na Mama walichanjwa. Kukhu naye alikuwa na kovu la zamani la chanjo begani.

Pale zahanati palikuwa na benchi moja refu. Tulipoketi mimi na Mama, lilikuwa limejaa. Vipele vilikuwa vimeanza kutoka kwenye paji la uso. Mtu wa karibu yangu aliinuka akajifanya anatafuta maji. Akafuata mwingine. Hakuna aliyesema neno baya, jambo hilo nataka ulijue. Waliondoka kwa adabu, mmoja mmoja, mpaka benchi likawa letu peke yetu, na upande wetu ukawa mzito, likataka kutuangusha. Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, alikuja akanitazama kutoka mlangoni. Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akasema nitapelekwa kwenye banda la nyasi nyuma ya zahanati, ndani ya uzio wa mkonge, na kwamba Mama anaweza kuingia nami kuniuguza, ila anayeingia na mgonjwa hatoki mpaka mgonjwa atoke.

"Naingia," Mama alisema.

Mimi nikamwuliza, "Na Kukhu atapikiwa na nani?"

"Watu wapo," akanijibu, akainua mkeka.

Sasa nikwambie mwili unavyokuwa. Vipele vinakuwa malengelenge, malengelenge yanajaa, na unageuka kitu kimoja kizima chenye maumivu, hujui mkono unaishia wapi. Shuka inanata. Mama alinilaza juu ya majani mabichi ya migomba, akiyabadilisha asubuhi na jioni, na ubaridi wa yale majani ndio kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Hiyo ndiyo rehema ya kwanza, uiombe. Asubuhi dresa alileta ndoo ya maji ya dawa, ya rangi ya zambarau, Mama akanipangusa nayo, nikawa rangi ya bilinganya. Mdomoni mlikuwa na vidonda, uji ukapita kwa shida, sauti ikawa ya kunong'ona. Kioo hakikuwapo. Nilijitazama kwenye uso wa Mama, na Mama, Mungu ambariki, alijua kuushika uso wake usiseme kitu.

Nilihesabu siku kwa yale maji ya zambarau na kwa wimbi lililokuwa nyuma ya uzio. Tulipoingia lilikuwa majani tu. Lilipofika magotini, malengelenge yangu yalianza kukauka.

Nje, amri zilikuwa zimetoka. Bwana afya alifunga soko. Hakuna kukusanyika matangani, hakuna kuketi kuzunguka chungu cha pombe na mirija, kila mtu na boma lake. Mpakani waliweka mti barabarani, akapita tu mwenye kovu bichi la chanjo. Mwenye kumpelekea mtu chakula akiweke juu ya jiwe kwenye njia ya kuingia bomani, apige bati, aondoke. Sisemi amri zilikuwa mbaya. Ziliwaokoa wengi, na pengine wewe unayesoma. Lakini zilitungwa kwa ajili ya watu wenye macho, wenye miguu, wenye ghala. Mwenye shamba alijifungia akala. Yule aliyekuwa akiishi kwa mkono wa jirani, ule mkono ulikatazwa kunyooshwa.

Baba alikuwa anakuja jioni, akisimama upande wa pili wa uzio, mbali kama tulivyoagizwa. Soko limefungwa, hana baiskeli ya kutengeneza, mikono yake ilikuwa safi mpaka nikaionea huruma. Tulikuwa wagonjwa wachache bandani, na kila mgeni wa mmoja alikuwa mgeni wa wote, maana ilibidi kupaza sauti. Jirani yangu alikuwa Mzee Wandera, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Lumino, mtu ambaye hata ndui haikumnyamazisha.

Jioni moja Baba alisimama pale akipiga piga nyasi kwa kijiti.

"Mama Nafula," akasema mwishowe. "Kule kwa mama yako. Chakula hakiliwi."

Mama akasogea uzioni. "Hakiliwi vipi?"

"Mimi nakwenda kila siku. Naweka ugali kwa ile jiwe, na samaki. Napiga bati. Kesho nakuta sahani iko, lakini kuku ndiyo imekula. Leo nilijificha niangalie. Hatoki."

"Atatoka aende wapi, Baba Nafula? Analiona jiwe? Ulimwita?"

"Nimwite namna gani? Ile ni mkwe wangu."

"Sasa ulifanya nini?"

Baba alitazama chini. "Nilikohoa."

Inafaa nieleze kwa msomaji wa mbali. Kwetu mume haingii nyumba ya mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, hatamki jina lake. Wakikutana njiani mmoja huingia porini. Akija na ujumbe husimama mbali, hukohoa, na mama mkwe akisikia hujua ni nani, akamtuma mtoto. Baba alikuwa na kikohozi kizuri sana cha heshima, kizito mwanzoni, kikimalizikia puani. Kwa miaka yote ya ndoa yao, hicho tu ndicho alichomwambia Kukhu. Lakini siku zote mtoto wa kutumwa nilikuwa mimi.

"Akafanya nini uliposema hivyo kwa koo?" Mama akauliza.

"Alifunga mlango. Nikasikia anaweka gogo."

Mama aliketi chini palepale kwenye tope.

Mzee Wandera alianza kucheka, cheko la kubana kwa sababu ya vidonda vya midomoni. "Mwana wa Kiyeyi," akasema, "mwaka huu unakwenda kusimama mlangoni kwa mtu, hutaji jina, unakohoa? Hata mimi mwenye ndui ningekufungia."

"Na siku zote hizo?" Mama akauliza kwa sauti ndogo. "Siku zote hizo hajala?"

"Majirani nao waliacha kwenda hizi siku za karibuni. Wana mgonjwa. Mimi nilifikiri anachukua nusu."

"Ingia ndani ya nyumba, umpe mkononi."

"Mama Nafula."

"Ingia."

"Sikia. Mtu akiingia kwa mkwe wake, watoto wake wanaugua. Hiyo wewe unajua."

"Watoto wako ni mmoja," Mama akasema, "na huyu hapa, ameshaugua."

Aliinuka akaelekea kwenye lango. Dresa, aliyekuwa akikoroga dawa, alimtangulia akasimama mbele yake na mikono juu, bila kumgusa. "Mama, tafadhali. Ukitoka na nguo hizo ukavuka nazo, nitawaleta hapa hata wale usiowajua." Mama alisimama. Mimi niliogopa kuliko nilivyoogopa ndui, maana niliona kwamba kila mtu pale alikuwa na haki, na katikati ya haki zao Kukhu alikuwa anakufa njaa nyuma ya gogo.

Nilikuwa nimelala kifudifudi, kidevu kwenye jani. Nikasema kwa ule mnong'ono wangu, na Mzee Wandera akarudia kwa sauti ili Baba asikie, neno kwa neno, kama mkalimani wa baraza.

"Baba. Sheria inasema usimwone."

"Anasema sheria inakataza kumwona," akapaza Mzee Wandera.

"Basi usimwone. Funga macho."

"Anasema ufunge... Ala. Mtoto huyu." Mzee Wandera akanigeukia. "Ndui imekuachia akili, binti." Kisha akampazia Baba: "Ujifunge kitambaa, mwana wa Kiyeyi. Hutamwona, yeye hakuoni. Nani atasema mmekutana?"

Baba alitazama kile kijiti kwa muda, akakiweka chini taratibu, akaondoka.

Siku iliyofuata sikula. Mama naye alikoroga uji wake mpaka ukawa maji. Kijiko kikapigwa kwenye debe, miguu ikakimbia, hakuna aliyekwenda kuchukua sahani zetu mpaka Mzee Wandera alipojikokota mwenyewe. Jioni ilipofika, Baba alikuja na uvimbe kwenye paji la uso, mkubwa kama yai la bata.

"Umepigana?" Mama akauliza.

"Na mlango ya mama yako."

Basi akatusimulia, amesimama kule mbali, na banda zima likisikiliza. Alipofika kwenye jiwe alijifunga macho kwa leso ya Mama, ile ya maua mekundu. Akatembea akipapasa, akaanguka juu ya kinu, akajiumiza goti. Ndani Kukhu akauliza kwa ukali, "Nani huyo?" Na Baba, ambaye hakuwahi kumtamkia neno, akasema, "Mama, ni mimi. Ni Owor, bwana ya Nekesa."

"Owor yupi?"

"Ile ya baiskeli."

"Mbona unatembea kama mlevi?"

"Nimefunga macho, Mama. Kwa heshima."

Baba anasema alidhani ameharibu kila kitu. Halafu akasikia gogo linaburutwa, polepole, likisimama njiani, maana nguvu zilikuwa zimekwisha. "Nyoosha mkono," Kukhu akasema. Akamshika kifundo cha mkono, akamwongoza, yeye anayejua giza akimwongoza mgeni wa giza. "Inama, mlango wangu mfupi."

"Aliniambia nikiwa nimegonga tayari," Baba akasema. "Alichelewa kusema. Nafikiri kusudi."

"Alikula?" Mama akauliza.

"Alikula. Kwanza mchuzi, kidogo kidogo, kama ulivyonifundisha kwa mtu wa njaa. Mimi niligeuza mgongo."

"Umefunga macho na bado ukageuza mgongo?"

"Heshima ni heshima."

Mama alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikujua. Mzee Wandera akasema akipona atampeleka Baba Lumino awafundishe wakwe wa huko.

Hakupona. Wimbi lilipoanza kutoa masuke, homa ilimrudia, akaondoka mchana, kwa utulivu ambao haukuwa tabia yake. Watu wa bwana afya walimzika. Mkewe alisimama ng'ambo ya barabara, amekatazwa kusogea, amekatazwa hata kulia kwa sauti wasije wakakusanyika watu. Mama alisogea uzioni akasimama akimtazama, na yule mama akamtazama Mama, wakabaki hivyo mpaka kaburi likafukiwa. Kama mtu wako amezikwa hivyo, usidhani alizikwa peke yake. Sisi tuliokuwa ndani tulikuwa tunajua utani wake wote.

Maganda yangu yalianguka mwanzo usoni, mwisho kwenye nyayo. Siku ya kutoka niliogeshwa kwa dawa, nguo zangu zikachomwa, nikavaa gauni la Mama lililoning'inia. Nilikuwa nimekwisha kujipapasa, nikajua mashimo yamebaki usoni. Nilimwambia Mama kwamba sasa mteja wa hoteli yangu akichoka kutazama Kenya na Uganda, atatazama ramani hapa usoni. Akanipiga kofi dogo la mgongo.

Lakini nje haikuwa rahisi kutania. Soko lilifunguliwa, watu wakarudi kuketi karibu karibu, ila nilipokuja mimi walisogea. Rafiki yangu aliyekuwa akinisuka nywele alinisalimia vizuri, akasema ana kazi shambani. Ugonjwa ulikuwa umetoka mwilini mwangu, dresa mwenyewe amesema, lakini ile hatua ya kurudi nyuma ilikuwa imeingia kwenye miguu ya watu, na haina sindano. Ukifika hapo usikasirike sana. Endelea kusalimia.

Nilivuka kwa Kukhu. Alikuwa ameketi mlangoni, mdogo, mifupa ya mabega imesimama. Alinijua kwa mwendo.

"Simama hapo hapo," akasema. "Usinikaribie."

"Nimepona, Kukhu."

"Homa ilikushikia nyumbani mwangu. Mimi ndiye niliyekupa."

Kumbe alikuwa ameketi na jambo hilo muda wote ule, kwenye kimya kile, hana wa kumwambia si kweli. Mkwe wake alikuja kila siku na kitambaa machoni, lakini mkwe unamwambia habari za mchuzi, humwambii za moyoni.

"Ndui haitoki kwa mtu mwenye kovu begani," nikamwambia. "Labda niliipata sokoni, nikaja nayo kwako. Ungepaswa kunifukuza wewe."

Hakucheka. "Uso umekuwaje?"

"Njoo uone mwenyewe."

Alikawia. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani, na niliona jinsi ilivyokuwa inaogopa kuachana. Mwishowe ulikuja mmoja, hewani, nikausogelea. Alianza kwenye paji, akashuka mashavuni, puani, kidevuni, akarudi tena juu, kila shimo.

"Kama vumbi la uani," akasema, "matone ya kwanza yakishaanguka." Akafikiri. "Ila mvua haikuendelea. Tushukuru."

Nikalala mapajani pake, mtu mzima kama mimi.

Baadaye nilimwuliza kuhusu Nabwire, rafiki yake, mzee mwenzake wa boma la pili, ambaye walikuwa wakikaa pamoja kila mchana wakimenya kunde na kuwasengenya wanaume waliokufa zamani.

"Namsikia jogoo wake," Kukhu akasema. "Yeye simsikii."

"Hujaenda?"

"Nimejaribu. Njia imenipotea."

Sikuelewa mpaka aliponionyesha kwa mguu. Kukhu hutembea kwa nyayo. Penye udongo mgumu uliokanyagwa, hapo ndipo njia. Penye nyasi, amekosea, anarudi. Na masika yote yale hapakuwa na mtu wa kukanyaga. Nyasi zilikuwa zimefunga kutoka mlango wake mpaka kwa Nabwire, magotini kwangu, mahali pengine kiunoni. Kwa miguu yake, boma la Nabwire lilikuwa limeondolewa duniani.

Kesho yake nilivuka mapema na jembe, Kukhu bado amelala. Sikumwambia mtu. Mikono yangu ilikuwa bado laini kama ya mtoto, ngozi mpya, ikafanya malengelenge upesi, malengelenge ya kawaida ya kazi, nikayafurahia. Nililima njia ile upana wa mtu mmoja, nikatupa nyasi kando, nikafika mpaka kwenye ua wa Nabwire, nikamsikia ndani akimgombeza jogoo. Kisha nikavua viatu, nikarudi nikiukanyaga udongo kwa nguvu, kisigino baada ya kisigino, nikaenda tena, nikarudi tena, mpaka ukashikana.